Lala Kama Siku Ile

Kazi yangu imenifundisha kuwapenda watu wasiotikisika. Si jambo la kujivunia, najua. Lakini mtu akikaa miaka mingi nyuma ya kioo akipiga picha za ndani ya miili ya watu, huanza kuwapanga wagonjwa kwa jinsi wanavyolala. Kuna wanaokohoa. Kuna wanaojikuna. Kuna mzee mmoja aliyeniimbia nyimbo za kanisani tangu mwanzo hadi mwisho, na picha zake zote zikatoka zimejaa ukungu. Mimi hukasirika upesi, na hakuna kinachonikasirisha kama mgonjwa anayetikisa bega dakika ya mwisho, wakati kazi ilikuwa karibu kuisha.

Botum yangu hakutikisika. Tangu siku nilipompiga picha, kila ninapomwambia mtu atulie, sauti yangu mwenyewe hunichukiza.

Kwetu Wakipsigis, botum ni mtu uliyetahiriwa naye, mkakaa pamoja katika kibanda kimoja cha kufundwa tunachokiita menjo. Sisi wawili tuliingia Desemba moja baada ya mtihani wa darasa la nane, wavulana wa kanisani wenye ubishi mwingi mdomoni na hofu tele tumboni. Yaliyofanyika humo hayasimuliwi, nami sitayasimulia. Linalosemwa hadharani, hata mbele ya akina mama, ni kwamba asubuhi ile mvulana hatikisiki. Hakunji uso wala hapepesi jicho. Wajomba wanamkodolea macho, na ukope ukicheza tu, nyumba yao nzima imeaibika. Nilimsikia mwenzangu akipumua kando yangu, na pumzi zake hazikubadilika hata kidogo. Zangu zilibadilika. Yeye peke yake ndiye aliyezisikia, na hajawahi kumwambia mtu.

Baada ya hapo, botum hamkatalii botum. Akifika kwako saa ya chakula haulizwi kama amekula, anasogezewa sahani. Binti yake ni binti yako. Akikuomba jambo, unalifanya, na ukishindwa unalifanya nusu na kumweleza kwa nini nusu nyingine imekushinda. Nimeishi na desturi hiyo miaka yote hii bila kuitilia shaka, kwa sababu mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa nikiomba.

Yeye alibaki Kabianga na shamba la chai la baba yake. Mimi nikaenda kusomea kazi ya picha za hospitali, nikarudi kuifanya Kericho mjini. Mwaka juzi alikwea mti wa mgravilea uliokuwa ukiitilia chai yake kivuli, akaanza kukata matawi. Tawi moja lilizunguka, likamgonga, akaanguka chali juu ya kisiki. Alivunjika mgongo sehemu ya juu, kati ya mabega. Mikono ilibaki mizima, na mdomo pia, kwa hivyo utani haukupungua. Kuanzia kifuani kwenda chini, hakukuwa na habari yoyote.

Wakati huo profesa mmoja alileta utafiti katika kituo chetu. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Alitaka kutumia mashine yetu ya MRI kutazama nyuzi za neva za watu waliovunjika mgongo: zipi zimekatika, zipi zimenyauka polepole baada ya ajali, na zipi bado zimeshikilia. Picha ya kawaida huonyesha mfupa na uvimbe. Hii yake ilikuwa ikifuata maji. Ndani ya neva nzima, maji huteleza kwa urahisi kufuata urefu wa uzi, lakini kuuvuka uzi wenyewe ni shida. Uzi ukiharibika, maji hutawanyika ovyo. Mashine inapima mwendo huo wa maji, kisha kompyuta inachora nyuzi zenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza nilisahau kufunga mdomo.

Nilimweleza botum yangu habari hizo nikiwa nimeketi kwenye baraza lake, tukitazama shamba.

"Mvua ikinyesha," nilisema, "si unaona maji inapita katikati ya laini za chai? Haipandi juu ya chai. Sasa mtu akiwa juu kama ndege, aone tu vile maji inatembea, atajua laini zimeelekea wapi."

"Na penye ng'ombe waliingia wakavunja?"

"Hapo maji itamwagika kila mahali."

"Kwa hivyo mnatafuta penye ng'ombe waliingia kwa mgongo yangu," alisema, akacheka mpaka akashika mikono ya kiti chake cha magurudumu.

Nilimtaka sana katika utafiti ule, na sababu yenyewe inanitia aibu. Wagonjwa wengi wa namna yake wamewekewa vyuma mgongoni, na vyuma huharibu picha. Yeye hakuwekewa. Alipokuwa wodini, mambo yalicheleweshwa hivi na vile mpaka madaktari wakasema mifupa imeanza kushikana vibaya na haina haja tena ya kuguswa. Bahati mbaya ile ndiyo iliyomfanya awe mgonjwa safi kabisa kwa mashine yangu. Nilipomtaja kwa profesa, nilimtaja kwa furaha, kama mtu aliyepata ng'ombe mzuri mnadani.

Profesa alimweleza kila kitu kwa Kiswahili taratibu. Alimwambia picha hizo si dawa, hazitamrudishia miguu. Alimwambia atahitajika mara mbili, sasa na tena baada ya miezi kadhaa, ili picha zilinganishwe, kwani picha moja bila mwenzake ni kama kiatu kimoja. Mwisho akasema, "Ukitaka kukataa, unakataa, na hakuna mtu atakayekasirika."

Botum yangu alinitazama, akatabasamu. "Prof, huyu ni botum yangu. Sasa nitamkataa aje?"

Profesa si mtu wa kwetu. Alinigeukia. "Anamaanisha nini?"

"Anamaanisha amekubali," nikasema.

Tulicheka sote chumbani, hata muuguzi. Mimi nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Alikuwa ameuliza swali, na mimi nikalifanya jibu.

Siku ya picha, muuguzi nami tulimhamisha kutoka kwenye kiti hadi kwenye meza ya mashine. Alikuwa na mpira wa mkojo uliounganishwa na mfuko, na kuupanga ilikuwa kazi yangu. Niliupitisha chini ya paja upesi upesi, kwa haraka ya fundi aliyekwisha kuona picha kichwani kabla hajaipiga. Nilimziba masikio, nikampa kile kidude cha kubonyeza. "Ukisikia chochote kibaya, bonyeza," nilimwambia, kama ninavyowaambia wote.

Hapo ningenyamaza. Lakini ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo ni nyembamba kama kidole cha mwisho, na picha za maji hazivumilii hata kikohozi. Nikainama sikioni pake, nikasema kwa Kikipsigis, "Lala kama siku ile."

Nilijiona mwerevu. Macho yake yalibadilika, utani ukatoka usoni, na yule mvulana wa Desemba ile akawa amelala mbele yangu. Nilisukuma meza ikaingia ndani.

Sijawahi kupata picha kama zile. Zilikuja moja baada ya nyingine, safi, kingo zimekaa, hakuna ukungu. Nilimwambia muuguzi, "Tazama, hivi ndivyo mtu hulala." Ratiba ilipoisha niliona kuna sehemu moja zaidi ambayo profesa alikuwa amesema tuifanye tu kama mgonjwa hajachoka. Nilibonyeza kipaza sauti.

"Botum, uko sawa? Niongeze kidogo?"

"Ongeza," alisema.

Sauti yake ilikuwa imekazwa, ya mtu anayeongea huku ameuma meno. Niliisikia. Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikuisikia, ila masikio yangu hayajawahi kuwa mabovu. Niliongeza.

Nilipomtoa, uso wake ulikuwa umelowa kana kwamba amemwagiwa maji. Mishipa ya shingo imesimama, macho mekundu, ngozi ya mikono imesisimka kama ya mtu mwenye baridi. Muuguzi alinisukuma pembeni. Alimwinua akae, akampima presha, akasema neno ambalo wauguzi hawalisemi mbele ya wagonjwa. Kisha akaanza kupapasa kila mahali, na chini ya paja akaukuta mpira umekunjika, umejibana. Aliunyosha. Mkojo ulianza kushuka kwenye mfuko, mwingi, na presha ikaanza kushuka nao polepole, huku mimi nimesimama na mikono yangu isiyojua pa kwenda.

Baadaye muuguzi alinieleza, ingawa nilisomeshwa mambo hayo na nilipaswa kuyajua. Mtu aliyevunjika juu vile hahisi kibofu kikijaa. Sehemu ya chini haina njia ya kupeleka habari, kwa hivyo mwili hupandisha presha ya damu, na presha ikipanda sana mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Kichwa kinauma mtu asione mbele. "Angetufia humo ndani," alisema. "Tena kimya kimya."

Niliporudi kwa botum yangu, alikuwa ameegemea mto, anapumua kwa mdomo.

"Mbona hukubonyeza?" niliuliza. Mungu anisamehe, niliuliza kwa hasira.

"Kichwa ilikuwa karibu kupasuka," alisema.

"Sasa si ungebonyeza!"

"Uliniambia nilale kama siku ile."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alilisema kwa majivuno kidogo, kama mtu anayetoa ripoti ya kazi iliyofanywa vizuri, akitazama uso wangu kuona kama nimeridhika.

Njiani nikimrudisha nyumbani aliniambia, "Mama asijue." Alimaanisha mke wake. Nilikubali upesi kuliko inavyofaa. Tulimwambia mke wake kwamba kichwa kinamuuma kwa sababu ya jua la mjini, na yeye akamlaza mumewe na kufunga pazia.

Muuguzi aliripoti, kama ilivyopaswa. Profesa alihuzunika sana, akanikemea bila kupaza sauti, na akabadilisha utaratibu mzima wa kuwaandaa wagonjwa. Lakini picha zilibaki, na zilikuwa bora kuliko zote. Kwenye skrini ungeona nyuzi zikishuka kwa rangi ya samawati kutoka shingoni, zinafika penye jeraha, zinapotea. Halafu pembeni, upande wa kushoto, ungeona chache zimepita. Nyembamba sana, lakini zimepita. Watu walikuja kuzitazama. Waliuliza nani amepiga. Nilisema ni mimi, na kila mara nilisikia utamu, na nyuma ya utamu huo nilisikia kichefuchefu. Profesa aliniahidi kwamba jina langu litakuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti. Nililala vizuri siku hiyo, na asubuhi nikaona haya kwamba nimelala.

Kisha miezi ikapita, picha ya pili ikafika zamu yake. Bila hiyo, ile ya kwanza haina kazi. Hakuna atakayejua kama zile nyuzi chache zimeendelea kushikilia au zimenyauka.

"Sitaki arudi kama hataki," profesa aliniambia. "Muulize. Lakini muulize kwa namna ambayo anaweza kukataa."

"Sawa, prof," nikasema, kana kwamba namna hiyo ipo.

Nilienda Kabianga Jumapili baada ya ibada. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Niliamua nitamwambia asije. Wazi, bila kuzungusha: nimefuta jina lako, pumzika. Niliyasema kwa sauti ndani ya gari mpaka yakakaa sawa mdomoni. Nilijisikia mtu mwema mpaka nilipofika langoni.

Alikuwa barazani, amevaa koti lake la kanisani. Mke wake alinikaribisha. "Karibu shemeji, kumbe hujatusahau." Alileta chai, akaketi kwenye kigoda na bakuli la maharagwe ya kupukuchua. Tuliongea habari za bonasi ya chai na mvua iliyokataa kuisha. Ndipo nikajikaza.

"Botum, nimekuja kukuambia unaweza kukataa."

"Kukataa nini?"

"Ile picha ya pili."

Alinitazama kwa makini. "Wewe unataka nikuje ama hutaki?"

"Nataka ufanye vile wewe unataka."

"Hiyo si jibu. Nimekuuliza, wewe unataka?"

Maneno yote niliyoyapanga ndani ya gari yalikuwepo. Ningesema "sitaki" na ingeisha. Lakini zile nyuzi za samawati zilinijia machoni, na sauti ya profesa, na jina langu, na ukweli kwamba nilitaka, nilitaka sana. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Ni Alhamisi."

"Basi Alhamisi," alisema. "Utanichukua saa ngapi?"

Maharagwe yaliacha kudondoka kwenye bakuli.

"Shemeji," mke wake alisema, "ile siku alirudi na kichwa, niliambiwa ni jua. Mimi nimeishi na huyu mtu, naijua jua na naijua kichwa. Leo niambieni."

Botum yangu alinitikisia kichwa, kidogo tu, nisiseme. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa wavulana, nilimkatalia jambo. Nilimwambia mke wake yote. Mpira uliokunjika, na mkono ulioukunja. Ile sehemu niliyoiongeza. Sauti iliyokazwa. Nilimwambia pia nilichomnong'oneza mumewe sikioni.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo angekufa hapo amenyamaza," alisema, "na wewe unaangalia vile picha ni mzuri."

"Ndiyo."

Aliweka bakuli chini.

"Mimi sikuwa kwa hiyo menjo yenu," alisema. "Mimi si botum ya mtu. Mimi nimekataa."

Kwetu mke hamjibii mumewe mbele ya botum yake. Nilingoja botum yangu amkemee, hata kwa utani. Hakumkemea. Alifumba macho, na mabega yake, ambayo sikuwa nimetambua kwamba yamepanda, yakashuka.

"Umesikia," aliniambia bila kufumbua macho. "Mama amekataa."

Alilitamka neno hilo polepole, kama mtu anayeonja chumvi baada ya kukatazwa muda mrefu. Nikaelewa kwamba alitaka kulisema tangu lile swali alilomwuliza profesa, na kwamba nililijua hilo tangu wakati huo huo.

"Nimesikia," nikasema. Halafu nikaongeza, "Nisamehe, botum."

"Imeisha," alisema papo hapo. "Imeisha kabisa."

Na hapo nikaona nilivyofanya tena. Nilikuwa nimemwomba, naye hana njia ya kunikatalia.

Nikamgeukia mke wake, aliyekuwa na njia hiyo. Nilimwomba msamaha kwa jina la heshima tunalomwita mke wa botum, nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliinuka, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado na chai nusu, akaenda kukiosha.